Bidoni Moja kwa Kasia Sabini

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Egide aliweka bidoni, dumu letu la njano, chini ya bomba la uani, akalifungua mpaka mwisho, akaanza kuhesabu. Hakuwa na saa. Alihesabu kwa kasia. Bega lake la kulia lilisogea mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama bado yumo kwenye mtumbwi wa kuvulia sambaza, dagaa wa ziwa letu, na midomo yake ilicheza bila sauti. Bidoni ikijaa alifunga bomba, akataja namba moja tu, akimwambia nani sijui, kisha akaenda kunawa. Shangazi Olivia aliwahi kumpima kwa simu yake siku tatu mfululizo, akitafuta cha kumchekea. Egide hakukosea hata sekunde mbili. Olivia akaacha.

Mwezi wa kwanza namba ilikuwa ishirini na mbili. Pasaka ilipofika ilikuwa arobaini. Mwezi wa nane ikawa sabini, na nyumba nzima ilikuwa inamchukia.

"Sabini," alisema asubuhi moja.

"Sabini nini?" Babu alimuuliza kutoka barazani. "Sabini ni miaka yangu mimi. Hayo ni maji yangu, na wewe ndiye uliyeyaharibu."

Babu ni Munyakazi, baba wa baba yangu. Alikulia Karagwe, Tanzania, akaja Rwanda mtu mzima, akastaafu jeshini na goti moja bovu. Nyumbani kwetu Nyamyumba Kinyarwanda ni cha kusali na cha wageni. Kiswahili alichokuja nacho kilibaki kuwa lugha ya kugombana, na tulikitumia sana.

Egide ni mume wa Shangazi Liliane. Alizaliwa chini kule Rubona, bandarini, na Kiswahili chake ni cha huko; akavua sambaza toka akiwa mtoto, halafu injini za boti zikampenda kuliko samaki. Alikuwa anafungua injini iliyozama wiki nzima, anaianika, anaifunga, inawaka. Pampu alijifunza hivyo hivyo, kwa kufungua. Alikuwa na nyumba yake ya vyumba viwili karibu na bandari. Volkano ilipolipuka na ardhi ikatetemeka siku zile, ukuta wa nyuma ulipasuka toka juu mpaka chini, mkono unapita. Liliane alikuwa na mimba. Wakaja kwetu kwa wiki mbili. Mtoto, Nshuti, sasa ana miaka minne.

Huku kwetu mwanamume ndiye anayempeleka mke kwake. Akibeba godoro kuja kulala kwa baba mkwe, watu hawamwambii kitu. Wanamwangalia tu. Babu ndiye pekee aliyemwambia, na alimwambia kila siku. Alimwita "mkwe wa tetemeko."

"Wenzangu mabinti zao walileta wakwe," alikuwa anasema mezani, Egide akiwepo. "Mimi wangu aliletwa na tetemeko."

Egide alikuwa anakula. Alikuwa na kovu la kamba ya injini kwenye kiganja, na aliposikia maneno kama hayo alilisugua kwa kidole gumba.

Kisima kilichimbwa kwa sababu bomba la mji linafika kilimani kwetu kwa zamu, na zamu yetu hupita watu wamelala. Wakati wa kuchimba, kijana mmoja aitwaye Bahizi alizimia ndani ya shimo. Walimvuta juu kwa kamba, akatapika, akaamka. Yeye mwenyewe alisema hakuwa amekula toka jana yake. Lakini Babu alikwisha sema neno lake: mazuku. Ndio ule upepo mbaya wa huku kwetu, unaotulia kwenye mabonde na mashimo. Hauna harufu. Mbuzi anashuka bondeni kula majani, hapandi tena. Babu hakusogea karibu na shimo mpaka likafunikwa kwa zege.

Egide ndiye aliyefunga kila kitu, peke yake, wiki ambayo Babu alilazwa kwa ajili ya goti. Alishusha pampu, akatandaza mabomba mpaka bafu la juu, akasimamisha kibanda cha mbao, na ndani yake akaweka tangi la bluu, kubwa kama pipa, lenye geji ya maji na swichi. Babu aliporudi alikuta maji yanatoka juu na chini. Hakuuliza yanafanyaje kazi. Na Egide si mtu wa kueleza asipoulizwa. Hapo ndipo alipokosea, kama alikosea.

Mwezi mmoja baadaye Babu aliweka kufuli kwenye kibanda, na ufunguo akauning'iniza shingoni.

"Watu wa bandarini hawaachi kitu," alituambia sote. "Hata skrubu. Leo swichi, kesho waya, keshokutwa utaikuta pampu yangu inasukuma mtumbwi Rubona."

Egide alisugua kiganja.

Mimi nilikwisha acha shule, kwa hiyo asubuhi zote nilikuwa pale pale uani na ufagio. Nilimwona Babu. Kila siku, kabla ya sala, alifungua kufuli, akaacha mlango wazi kabisa, akavuta pumzi, akaingia na msumari mkononi, mashavu yamejaa kama mtu anayepiga mbizi. Ndani nilisikia psss, kama gurudumu la baiskeli. Kisha alitoka mbio mbio, goti likimyumbisha, akapumua nje. Akafunga. Nilidhani ndivyo pampu inavyotunzwa. Siku zilivyopita ile psss ilizidi kuwa fupi, na siku moja haikusikika kabisa. Babu alitoka siku hiyo amefurahi. Hata hivyo aliendelea kuingia.

Maji nayo yakaanza kufa. Hayakukauka, na hilo ndilo lilitutia wazimu. Yalisukuma kwa nguvu, yakanyong'onyea, yakasukuma, yakanyong'onyea. Bafu la juu likawa linakojoa kama mzee.

Egide alitafuta miezi minane. Alisafisha chujio. Alifungua vichwa vya bafu vyote, akavichemsha na ndimu kutoa ule weupe wa chumvi. Alipima umeme kwa kipimo cha kuazima. Alichimba mfereji kutoka kibandani mpaka ukutani akitafuta bomba linalovuja, akapita katikati ya kabichi za Babu, hakukuta hata tone. Kwa kabichi zile alitukanwa wiki mbili. Kila alipomaliza jambo moja alirudi penye ukuta wa kibanda, akaweka sikio kwenye mbao, akasikiliza.

"Mzee, nipe funguo," alisema. "Dakika kumi. Swichi inapiga tak-tak-tak, inawaka, inazima, inawaka, inazima. Hapana kawaida. Ile tangi iko mugonjwa."

"Mgonjwa ni wewe. Mashine nimenunua mimi, mabomba umefunga wewe. Tafuta kwenye mabomba yako."

"Mabomba nishamaliza yote."

"Anza tena. Una haraka ya kwenda wapi? Kwako kuna nyufa tu."

Halafu posa ya Olivia ikapangwa. Watu arobaini kutoka Kigali, Jumamosi, kuja kumwomba binti rasmi mbele ya wazee. Jumapili ya kabla yake, tukiwa mezani, Babu aliweka kijiko chini.

"Sikilizeni. Ijumaa jioni nitapanda bafu la juu, nitafungua maji. Yakitoka kama maji, vizuri. Yakitoka kama yanavyotoka sasa, mkwe wa tetemeko atabeba godoro lake. Liliane na mtoto watabaki. Mjukuu wangu halali kwenye ukuta uliopasuka."

Tulimwangalia Liliane. Alikuwa anampakulia Nshuti maharage. Aliendelea kupakua.

"Umesikia, Egide?" Babu aliuliza.

"Nimesikia, Mzee."

"Na ufunguo usiniombe tena."

Siku nne zilizofuata Egide alifungua tena kila kitu alichokwisha fungua. Liliane alimpita uani bila kumtazama. Nilimsikia mara moja tu akimwambia, "Fanya basi, Baba Nshuti, usinitie aibu," kama vile mtu amekaa tu.

Ijumaa saa sita mchana Olivia alitoka bafuni akipiga kelele. Alikuwa na kitenge kifuani na povu kichwa kizima, jicho moja limefumbwa, anapapasa ukuta.

"Baba! Baba, uko wapi? Maji yamekufa tena!"

"Muulize shemeji yako."

"Nimuulize nini? Kesho watu arobaini wanakuja kuniangalia na mimi nina sabuni masikioni! Mpe ufunguo!"

"Ufunguo una sababu zake."

"Sababu gani? Skrubu? Ataiba skrubu mchana huu, mbele yetu sote? Ataimeza?" Alimfikia, akamshika Babu shingoni, akavuta ile kamba ikakatika. Hakuna mtu aliyewahi kumshika Babu hivyo. Alimrushia Egide ufunguo bila kuona aliko, ukaangukia kwenye mfereji wa kabichi. "Haya, mvuvi, vua! Ukishindwa na leo nitakufukuza mimi kabla yake."

Babu alisimama. Nilidhani atampiga. Lakini alimnyakua Nshuti, akapanda naye upande wa juu wa ua, mbali na kibanda, goti likimuuma.

"Mlango uwe wazi!" alipiga kelele. "Mtoto asisogee! Mtu asisogee!"

Egide hakusikiliza. Alikuwa amekwisha ingia. Mimi nilisimama mlangoni.

Hakugusa kitu kwanza. Alikunja vidole akagonga tangi, chini, katikati, juu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyempenda. Sauti ilikuwa moja, nzito. "Iko na maji mpaka juu," alisema. Halafu akaona kifuniko kidogo cha plastiki pale juu, cheusi, kama cha vali ya baiskeli. Kilikuwa kimelegea, na pembeni yake rangi ya bluu ilikuwa imekwaruzwa, mikwaruzo mingi, yote upande mmoja. Alikitoa. Akabonyeza vali kwa ukucha. Kimya. Alikitazama kidole chake: kikavu.

"Bon," alisema. "Mupira wa ndani iko muzima. Njaa tu."

Alizima umeme, akamwaga maji ya tangi lote kwenye migomba. Akaniambia nimletee pampu ya baiskeli chini ya kitanda chao. Geji ya upepo aliiazima kwa mwenye pikipiki anayesubiri abiria pale barabarani. Akapiga pampu akihesabu, bega likienda, jasho likimtoka, na kila baada ya muda akapima. Ilipofika alipotaka, akafunga kifuniko kwa nguvu, akawasha umeme.

Pampu ilinguruma, ikanguruma mfululizo, bila kukatika. Halafu tak. Moja. Kimya.

Juu tulisikia maji yakipiga beseni kama mvua ya mawe kwenye bati, na Olivia, aliyekwisha panda tena, akicheka mwenyewe bafuni. Liliane alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi.

Egide alitoka kibandani akifuta mikono. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiuliza kitu kwa sauti ya kusikika ua mzima.

"Nani anafungulaka hii vali?"

Niliangalia ufagio.

"Tangi iko na mupira. Huku maji, huku hewa. Hewa ndiyo inasukuma maji mpaka juu. Mi niliweka hewa mwenyewe, na hii pampu ya baiskeli. Mutu ameitoa yote. Kidogo kidogo, na musumari. Nani?"

"Mimi," alisema Babu kutoka kule juu, Nshuti begani. Hakuona haya hata kidogo. Alikuwa amekasirika. "Mimi ndiye. Unaita hewa? Hewa gani inatoka kisimani ikilia kama nyoka? Kijana alizimia mle ndani. Kila asubuhi niliingia nimebana pumzi, nikaitoa, ninyi mmelala. Nimewalinda msife."

"Mzee, hapana mazuku hapo. Iko tu hewa. Hii hewa ya hapa uani."

"Leteni kiberiti."

Liliane alileta. Babu alimweka mtoto chini, akashuka, akavuta pumzi akaibana, akaingia kibandani. Alifungua kifuniko, akawasha njiti, akaisogeza kwenye vali, akabonyeza kwa msumari. Psss. Njiti ikazima.

Alitoka macho yamemtoka. "Mmeona?" alisema alipoweza kupumua. "Mmeona wenyewe? Mazuku huzima moto. Kila mtu wa ziwa hili anajua. Hata wewe unajua!"

Egide alichukua kiberiti mkononi mwa Babu, akawasha njiti nyingine, akaiinua mbele ya macho ya Babu, akaipuliza kwa mdomo. Ikazima.

"Basi hata mi ni mazuku," alisema.

Olivia alikuwa dirishani juu, kitambaa kichwani. Alicheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya dirisha. "Baba, kumbe ndiyo sababu? Miezi minane tunaoga kwa kikombe, kumbe unaogopa upepo wa baiskeli?"

Sijui kama asingecheka mambo yangekuwaje. Babu alimwangalia yeye kwanza, kisha Egide, na uso wake ukawa ule wa picha zake za jeshini.

"Wewe umefanya nichekwe mbele ya watoto wangu. Siku moja kabla ya wageni."

"Mi sijacheka, Mzee."

"Maji yamepanda, nimeyasikia. Kesho wageni watanawa. Lakini wakishaondoka, hiyo hewa yako itatoka kwenye nyumba yangu. Itoke yote. Ama itoke hewa, ama utoke wewe. Chagua."

Egide alimgeukia mkewe. Liliane alikuwa anamfuta Nshuti pua kwa ncha ya kitenge, na Nshuti hakuwa na makamasi.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Nini?"

"Musumari."

Liliane alikunja ncha ya kitenge. "Aliniambia siku alipoweka kufuli. Akaniomba nisiseme. Askari mzima, anaogopa upepo. Ningekuambia, ungecheka."

"Kumbe funguo haikuwa ya skrubu."

"Hapana."

"Na mi naitwa mwizi wa skrubu, mezani, mutoto anasikia."

"Si ni maneno tu, Baba Nshuti. Hakuna aliyeyaamini."

"We ulikataa hata siku moja?"

Liliane alisogea karibu naye, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa pale pale. "Tumalize hivi. Kesho jioni itoe tu hiyo hewa. Yeye atalala, na sisi tutalala. Maji tutachota kwa bidoni, si tumezoea?"

Egide aliangalia kiganja chake. Hakukisugua. Alikwenda akachukua bidoni ya njano, akaiweka chini ya bomba la uani, akafungua mpaka mwisho. Bega likaanza. Sote tulisimama, hata Babu, tukimwangalia anahesabu kama asubuhi yoyote. Maji yalijaa mpaka mdomoni, yakamwagika kidogo, akafunga.

"Ishirini na moja," alisema.

Alirudi kibandani akafunga kufuli, na ufunguo akauweka juu ya bidoni. Godoro hakulichukua. Alichukua pampu ya baiskeli chini ya kwapa, na geji mkononi, akampapasa Nshuti kichwani, akatoka langoni.

"Baba anarudisha kile kitu cha pikipiki," Nshuti aliniambia, akakaa kwenye jiwe la lango kumsubiri.

"Mwache aende," Babu alisema. "Njaa itamrudisha saa moja."

Saa moja Liliane aliweka sahani yake juu ya meza, akaifunika kwa sahani nyingine. Asubuhi ilikuwa bado imefunikwa. Wageni arobaini walinawa, wakasifu maji. Mmoja wao, mzee, alimuuliza Babu nani fundi wake, na Babu akajibu ni kijana fulani wa bandarini, hamkumbuki jina.

Jumatatu nilishuka barabarani, nikamuuliza mwenye pikipiki. Geji alirudishiwa Ijumaa ile ile, alisema, na mtu aliyemrudishia alishuka kwa miguu kuelekea Rubona. Kwetu hakurudi.